Usisugue

Rangi yangu haimo kwenye boksi lao.
Zimo pembe ya ndovu, mchanga, asali, karameli,
kisha kahawa, nayo ni kahawa ya mgonjwa, maziwa tele.
Baada ya hapo pana kioo
na mimi ndani yake.

Dundee, Desemba, saa tisa na nusu, jua limeshaaga.
Eilidh wa duka la dawa, binti mdogo, vidole vya baridi,
akasema atachanganya mbili. Akachanganya.
Akanipaka kama apakavyo mtu ukuta
kabla wapangaji wapya hawajaja.
Akanichora nyusi.
Akarudi nyuma hatua moja, akasema nimetokelezea.
Nikalipa pauni kumi na nane
kwa ajili ya ile hatua moja.

Kwenye basi, dirisha lilinionyesha mwanamke
mwenye uso wa majivu juu ya shingo yangu.
Nikasogea kumpisha.

Nyumbani Hilali, miaka saba, akaacha kijiko hewani:
"Mama, nani kakuudhi?"

Mama yangu angecheka. Yeye na msio wake,
liwa ya Alhamisi usiku, wanja wa mkono mmoja bila kioo,
na bado akitutisha sisi wasichana kwa mkakasi,
mzuri nje, ndani kipande cha mti.
Sikuthubutu kumuuliza:
kwani mti una kosa gani?
Na nani kasema mkakasi ulipambwa ili udanganye?
Pengine siku ile fundi alikuwa na nafasi,
na rangi ilibaki.

Nikajifuta nusu. Muda ukaniishia.
Nikaenda hivyo hivyo kwenye karamu ya kumuaga Morag,
miaka thelathini na mmoja chumba cha kufulia cha hospitali,
Morag asiyejua poda inanukaje,
uso wake mwekundu, mtupu, umemkaa
kama shuka lililokunjwa na mtu anayejua kukunja.
Basi si kila mtu, nikawaza.
Kuna nyuso zimeshamaliza.

Fergus, dereva wa gari la shuka, alinikuta penye makoti
nikijikwangua kidevu kwa tishu.
"Usisugue," akanong'ona. "Gusagusa."
Akatoa mfukoni kikopo kidogo, kifuniko kimechubuka,
akageuzia taa taya lake la kushoto.
Miaka minne tumekunywa chai meza moja.
Sikuwahi kuliona kovu lile:
mafuta ya chipsi, alisema, jikoni kwa mama yake,
akiwa na miaka tisa.
Kila siku alfajiri, kabla ya kufungua redio, hulipaka.
"Silifichi," alisema.
"Nataka tu watu wanisalimie mimi kwanza."

Hakunigusa. Alinielekeza
kama anavyomrudisha nyuma dereva mwenzake
kwenye maegesho finyu:
kidogo, kidogo, kushoto, hapo, simama.
Nyusi zikaondoka. Majivu yakaondoka.
Ukabaki wanja, uliosafiri nami toka Pangani ndani ya soksi,
na mdomoni rangi ya zambarau lililoiva,
ya pauni mbili, niliyoinunua bila kumuuliza mtu.
Akanitazama kama anayesoma namba ya mlango.
"Ndiye," akasema,
akaenda kutafuta keki.

Jumatatu mvuke wa mashine ulichukua vyote,
vyangu na vyake.
Tukashika shuka, yeye kichwani, mimi miguuni,
tukakunja, tukakaribiana, tukakunja,
majasho yakitutiririka.
Nikamwambia mwanangu bado anauliza
ni nani aliyeniudhi.
Kovu lilicheka kwanza, kisha yeye.